Kufufua Land Rover Series III Ukiwa Mgeni Kampala: Mwongozo Kamili

Mtu aliyehamia Kampala kikazi kutoka Nairobi, Mwanza au Bukavu, na ambaye moyo wake uko kwenye magari ya zamani, ana bahati kuliko anavyodhani. Katwe kuna mafundi wa vyuma ambao hukunja, huchonga na kuchomelea kitu chochote ukiwapa kipimo sahihi. Soko la Kisekka lina beringi, sili na bolti za kila namna. Nairobi, yenye Barabara ya Kirinyaga na maduka yake ya spea, iko umbali wa usiku mmoja kwa basi. Na katika mashamba, misheni na shule za zamani za Uganda bado yamo magari yaliyolala chini ya miti, yakisubiri mwenye subira.

Tofauti na mwenyeji, mgeni ana tarehe mbili za mwisho: ya kibali cha kazi na ya mkataba wa nyumba. Miradi mingi ya wageni hufa gari likiwa vipande vipande kwenye ua wa mtu mwingine, mwenye gari akiwa ameshahamishiwa kituo kingine. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: gari lisimame juu ya magurudumu yake, na liweze kuvutwa kwa kamba, kila mwisho wa wiki. Usifungue sehemu mpya kabla ya kuifunga iliyotangulia. Ukifuata hilo, hata ukiambiwa uhame ndani ya mwezi mmoja, bado una gari la kuhamisha au kuuza.

Kwa nini Series III

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ya chasi fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109. Mwongozo huu unahusu ile ya petroli yenye injini ya cc 2,286, silinda nne. Bodi karibu yote ni ya aluminiamu na imefungwa kwa bolti na riveti, kwa hiyo mtu mmoja na rafiki yake wanaweza kuibandua mlango kwa mlango, mudigadi kwa mudigadi. Chasi na ukuta wa mbele unaobeba vioo na dashibodi ni vya chuma, na hapo ndipo pesa zako zitakapokwenda. Peugeot 504 ni gari tamu zaidi kuendesha, lakini bodi yake ndiyo chasi yake: ikioza chini ya milango, kuinyoosha kunahitaji fremu ya kupimia ambayo gereji chache zinayo. Kwa mradi wa kwanza, chagua Land Rover.

Tafuta iliyokwisha kusajiliwa Uganda. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, hivyo ile nzuri uliyoiona Eldoret au Arusha isahau. Fikiria na safari ya kurudi nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila kuna ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari makuukuu. Mkenya anayefufua gari Kampala ajue tangu siku ya kwanza kwamba huenda akaliuza Kampala, na apange matumizi yake hivyo.

Karatasi kwanza, chuma baadaye

Usitoe hata shilingi ya kushikia kabla ya kuona logibuku (kitabu cha usajili wa gari) ya asili na kuilinganisha na namba ya chasi. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chasi upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikwa. Mara nyingi imefunikwa na rangi na tope gumu. Isugue kwa brashi ya waya taratibu, paka chaki, kisha futa juu: tarakimu zitabaki na weupe. Kibati cha ndani ya gari hakitoshi, maana kinafungwa kwa skrubu na huhamishwa kutoka gari hadi gari.

Kama mwenye gari amefariki, anayeuza awe na barua za usimamizi wa mirathi. Maneno ya "sisi sote watoto tumekubaliana" hayatakusaidia kubadilisha umiliki. Kama gari lilikuwa la shirika, shule au ofisi ya serikali, dai nyaraka za mnada au barua ya uuzaji, na risiti ya malipo. Ili gari liandikwe kwa jina lako utahitaji namba ya mlipakodi kutoka URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), ambayo mgeni huiomba kwa pasipoti yake. Mkataba wa mauzo uandikwe mbele ya wakili, ukitaja namba ya chasi, namba ya injini, na kwamba gari haliwaki. Badilisha umiliki mara moja, likiwa bado bovu. Ukisubiri hadi ling'ae, muuzaji atakuwa hapatikani au atakuwa amegundua ameuza bei rahisi.

Kulikagua kabla ya kununua

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, tochi, kipande cha turubai cha kulalia na mita ya kupimia. Injini iache mwisho.

Chasi ya Series III ni boksi la bati la chuma la unene wa takriban milimita 2, limechomelewa kwenye pembe nne. Huoza kutoka ndani kuja nje. Kwa sababu hiyo rangi nyeusi mpya iliyopigwa jana si habari njema. Gonga kila sentimita kumi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu. Palipo na mlio mfu, sukuma bisibisi. Anza na boriti ya nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka ubavuni kushikilia ukuta wa mbele na tangi, kisha pembe za mbele zinazobeba springi. Chini ya ukuta wa mbele, angalia miguu yake miwili na sakafu inapokutana na mlango.

Barabara za murram huongeza balaa lake. Tope jekundu huingia kwenye matundu ya chasi, hukauka juu, na hubaki na unyevu ndani mwaka mzima kwa kuwa Kampala ina misimu miwili ya mvua. Ukitoa kilo mbili tatu za udongo ndani ya boriti ya nyuma usishangae. Ukikuta mikono minne na boriti ya nyuma vimeoza lakini reli mbili ndefu ni nzima, gari linafaa. Reli zikiwa zimetoboka karibu na springi, liache, hata likiwa la bei ya bure.

Kisha pima pembe kwa pembe: kutoka shimo la springi mbele kulia hadi la nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita chache, chasi imepinda kwa ajali.

Injini izungushe kwa mkono. Ikizunguka, hata kama haiwaki, bei ya kuifufua inajulikana. Ikiwaka, pima mgandamizo wa silinda zote nne, plagi zote zikiwa nje na kabureta imefunguliwa yote. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na geji itasoma zaidi ya asilimia kumi chini ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha Uingereza. Watu wamefungua injini nzima kwa kutojua hilo. Kinachokuhusu ni tofauti: silinda ikipishana na mwenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.

Mahali pa kazi na vifaa

Unahitaji sakafu ngumu, paa, na mwenye nyumba aliyekubali kwa maandishi. Udongo mtupu haufai kwa jeki. Kama nyumba yako ni ya ghorofa, kodi nafasi kwenye gereji yenye ukuta, lakini kabureta, distribyuta, alternata na kila kinachobebeka kilale kwako.

Kosa la vifaa linalojirudia sana Kampala ni spana. Seti karibu zote zinazouzwa ni za milimita kwa kuwa magari ni ya Japani, na Land Rover hii ni ya inchi. Spana ya 19 inaingia vizuri kwenye nati ya inchi 3/4, na ya 13 hushika ya 1/2 kwa kulegea kidogo. Lakini ya 14 haiingii kwenye 9/16, na ya 15 huimumunya kona zake hadi iwe duara. Nunua seti ya inchi ya spana na soketi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 3/4 na 15/16. Ongeza torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba), venia (ya kupimia vipenyo), jeki ya tani mbili, stendi nne za chuma, na soketi ndefu ya milimita 52 kwa nati za habu (kitovu cha gurudumu). Hiyo ya mwisho fundi wa Katwe atakutengenezea kwa bomba nene ukimpelekea nati.

Stendi ni nne, si mbili. Matofali na magogo yamevunja mbavu za watu.

Kufungua bila kupoteza

Piga picha kabla ya kugusa kila kitu, na tena baada ya kukisafisha. Bolti zikae kwenye mifuko ya plastiki yenye karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ukiguswa na petroli. Bolti zilizoganda zimiminie mchanganyiko wa oili ya giaboksi na asetoni nusu kwa nusu, ziache usiku kucha, kisha zipashe moto kwa gesi kabla ya kulazimisha. Tangi la petroli liwe mbali na moto huo. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke.

Hapa Uganda ina kitu kizuri kwa mpenda magari: molasi. Viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara huizalisha kwa wingi, wafugaji huinunua kulishia ng'ombe, na ndiyo dawa bora ya kutu kwa vipande vidogo. Chukua pipa la plastiki la lita 200, weka sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, koroga. Ning'iniza vipande kwa waya vikiwa vimezama kabisa. Kinachochomoza juu ya maji kitaliwa mstari pale maji yanapoishia. Baada ya wiki mbili au tatu vitoke vya kijivu, bila kutu hata kwenye nyuzi za bolti, na chuma kizima hakijaguswa. Osha kwa maji mengi, kausha kwa moto au jua kali, na paka praima saa hiyohiyo. Ukingoja hadi kesho vitakuwa vya rangi ya chungwa. Usitumbukize aluminiamu wala chochote kilichopakwa zinki, vitaliwa. Funika pipa, maana nyuki na harufu vitakugombanisha na majirani.

Chasi

Fanya kipande kimoja kwa wakati, bodi ikiwa juu yake. Ukikata mikono yote ya ukuta wa mbele kwa pamoja, ukuta utashuka na milango haitafunga tena.

Mpangilio unaofaa ni huu. Simamisha gari kwenye stendi nne chini ya reli, lisawazishe kwa pima maji. Chomelea kwa muda chuma cha pembe kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine ili uwazi wa mlango usibadilike. Tengua betri na alternata kabla ya kuchomelea. Kata mkono mmoja uliooza, lakini acha alama za mahali ulipokaa: piga nukta mbili kwa sentapanchi kwenye reli na uandike umbali wake. Peleka mkono wa zamani Katwe pamoja na bati la milimita 2 ulilolinunua mwenyewe. Fundi akikwambia la milimita 3 ni imara zaidi, kataa kwa heshima: bati nene likichomelewa kwenye jembamba hupasua lile jembamba pembeni mwa mshono baada ya kutikiswa na barabara mbovu. Kipande kipya kiungwe kwenye chuma kinachong'aa pekee. Mshono juu ya kutu hauna maisha.

Kiraka kisiwe na pembe kali. Kikate mviringo kwenye kona, na mshono usipite wima kukata reli moja kwa moja. Uwe wa mshazari, ili mzigo usikusanyike mahali pamoja.

Baada ya kila mkono, teremsha gari chini, pima tena pembe kwa pembe, halafu nenda kwa unaofuata. Ukimaliza yote, osha ndani ya reli kwa mpira wa maji wenye shinikizo kupitia matundu, acha likauke siku kadhaa za kiangazi, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani kwa mrija mrefu. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi hunyunyiza, hukamata vumbi na kulainisha boshi za mpira. Zibua matundu yote ya kutolea maji. Ndiyo yaliyoziba tope hata chasi ikaoza.

Breki, habu na ekseli

Hapa usibane pesa. Badilisha silinda zote za magurudumu, silinda kuu, mipira ya breki na mabomba yote, kwa pamoja. Ukibadilisha silinda moja inayovuja, shinikizo jipya litapasua ya zamani inayofuata. Mabomba ya nikeli na shaba ya inchi 3/16 hukunjika kwa mkono na hayashiki kutu. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani bila kuonekana nje: dalili yake ni gurudumu linalobaki limeshikwa baada ya kuachia pedali.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Tone la oili ya injini au ya usukani likiingia humo litavimbisha sili zote, na utarudia kazi nzima. Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kabla ya hapo kaza virekebishi nyuma ya sahani za breki hadi viatu viguse dramu, kisha vilegeze kidogo. Ukiviacha mbali, pedali itashuka hadi chini na utadhani hewa imebaki.

Viatu vya breki vilivyolowa oili ni ugonjwa wa kila Land Rover iliyoishi kwenye murram, na watu hubadilisha sili za habu mara tatu bila kupona. Sababu iko juu ya ekseli: kuna kipumulio kidogo cha shaba, na tope likikiziba, joto la difu (gia za katikati ya ekseli) huongeza shinikizo ndani na kusukuma oili kupitia sili hata iwe mpya. Kifungue, kioshe kwa petroli, hakikisha kimpira au kigololi ndani kinacheza. Baada ya hapo ndipo uweke sili.

Beringi na sili hazihitaji jina la gari. Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi, na kwa sili pima kipenyo cha ndani, cha nje na upana kwa venia. Muuza duka wa Kisekka atakuletea kwa namba hata kama hamwelewani lugha vizuri. Beringi za habu zikazwe kwa nati ya ndani hadi mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, ukiupima kwa geji ya saa. Zisizo na mchezo kabisa zitaungua kabla hujafika Mbarara.

Mapira ya chuma kwenye ncha za ekseli ya mbele, ambako magurudumu hukatia kona, yakiwa na vishimo vya kutu, sili mpya zitakatwa na oili itamwagika. Vishimo vidogo huzibwa kwa gundi ya chuma na kusuguliwa kwa msasa namba 1000 wenye maji. Vikubwa, agiza mapira mapya.

Ujazo wa oili, zote za EP90 (oili nzito ya gia): giaboksi lita 1.5, giaboksi ya kugawa nguvu lita 2.5, kila difu lita 1.75 (ya nyuma ya aina ya Salisbury, kwenye chasi ndefu, huchukua zaidi), kila pira la mbele nusu lita. Fungua tundu la kujazia kabla ya kufungua la kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu tundu la juu likakataa kufunguka, gari limekwama hapo.

Injini

Injini ya cc 2,286 husamehe mengi. Kama mgandamizo ni sawa, usiifungue chini. Toa hedi, safisha, saga valvu, funga. Petroli ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, kwa hiyo chunguza siti za valvu za ekzosti: zikiwa zimezama ndani ya hedi, peleka kwa fundi wa mashine aweke siti ngumu. Hedi yenyewe ilazwe juu ya kioo kinene na kupimwa kwa fila geji.

Bolti kubwa za hedi, za inchi 1/2, zikazwe kwa nyutoni mita 88, kuanzia katikati kwenda pembeni kwa duru, kwa hatua tatu. Zile ndogo za shafti ya roka zinataka 16 tu, na hukatika kwa mkono wenye haraka. Matundu ya bolti yasiwe na maji wala oili chini, kwani bolti itakandamiza kimiminika na kupasua bloku.

Tapeti zote nane, yaani nafasi kati ya roka na valvu, ni milimita 0.25. Kuna njia rahisi ya kutokosea: hesabu valvu kutoka mbele, moja hadi nane, na utumie jumla ya tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1. Ya 7 ikiwa wazi, rekebisha ya 2. Endelea hivyo hadi mwisho. Fila geji iteleze kwa kukwamakwama kidogo, kama unavuta noti katikati ya kurasa za kitabu kizito. Baada ya kilomita mia chache pima tena. Nafasi ikizidi kupungua upande wa ekzosti, siti zinaliwa.

Pointi za distribyuta ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Kondensa mpya za bei rahisi hufa mapema, kwa hiyo ile ya zamani inayofanya kazi ihifadhi kwenye gari.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake: sehemu ya juu hupinda, petroli hupita pasipotakiwa, na injini hukataa kutulia ikiwa moto. Laza kioo mezani, gundisha msasa namba 400, sugua uso wa kabureta kwa mwendo wa namba nane hadi mwangaza wake ulingane kote. Badilisha kipete cha mpira cha ndani. Kwa kuwa hewa ya Kampala ni nyepesi, mchanganyiko huelekea kuwa mzito: plagi zikitoka nyeusi na kavu, punguza petroli kwenye skrubu ya mwendo wa kusimama kabla ya kulaumu ringi.

Oili ya injini ni lita 6 na ziada ya karibu lita moja kwa filta mpya. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, toa plagi na uzungushe kwa stata hadi taa ya oili izimike.

Umeme

Rangi za nyaya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, zina maana, na ukizijua umeshamaliza nusu ya kazi. Kahawia ni moto wa betri moja kwa moja, nyeupe ni wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita fyuzi, zambarau ni wa kudumu uliopita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ardhi. Nyaya za kahawia hazina fyuzi yoyote. Zikiungana na bodi, gari linaungua. Weka swichi ya kukata betri.

Karibu matatizo yote ya taa hafifu ni ardhi mbovu, kwa sababu aluminiamu hujifunika ngozi isiyopitisha umeme. Vuta waya mmoja mnene mweusi kutoka betri hadi kila kona ya gari, na uunganishe taa zote humo.

Bodi na rangi

Aluminiamu iliyopigwapigwa huwa ngumu na hupasuka. Ilainishe kwanza: paka kipande cha sabuni ya mche juu ya sehemu iliyopondeka, pitisha moto wa gesi kwa kuzungusha, na simama mara tu sabuni inapogeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi. Ukizidisha, bati litayeyuka bila kukuonya, kwani aluminiamu haibadiliki rangi. Acha ipoe, kisha nyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga.

Pale aluminiamu inapogusa chuma, unyevu huanzisha kutu nyeupe inayotoboa bati. Weka kipande chembamba cha mpira au rangi nzito katikati ya kila mguso, na tumia bolti zilizopakwa zinki.

Usisugue aluminiamu kwa brashi iliyotumika kwenye chuma. Tumia msasa 240, futa kwa thina, paka praima ya kung'ata ya aluminiamu siku hiyohiyo, kisha praima ya kawaida, kisha rangi tabaka mbili au tatu nyembamba. Ratibu kazi hii Januari au Julai, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Rangi ya selulosi ikipigwa wakati hewa ina unyevu mwingi huweka ukungu mweupe usiofutika. Rangi zenye kigumushi hutoa sumu inayoharibu mapafu daima, na kitambaa puani hakizuii kitu. Bila barakoa ya hewa safi kutoka nje, tumia rangi ya kawaida ya enameli, ambayo hata hivyo ndiyo inayofanana zaidi na sura ya kiwandani. Ukitaka rangi ya asili, Bronze Green na Marine Blue ni za kiwanda, na Limestone ni ya paa na rimu.

Spea kutoka mbali

Orodha yako iwe na namba za spea kutoka katalogi ya kiwanda, si majina. Kinachotoka Nairobi kwa basi kiandamane na risiti, kwa kuwa bidhaa iliyotengenezwa Uingereza haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa Kenya, na forodha ya Malaba au Busia inaweza kudai ushuru. Rafiki anayesafiri kwa ndege anaweza kubeba sili, beringi, pointi na gasketi. Asibebe kabureta au pampu iliyowahi kutumika, maana harufu ya petroli inatosha kuifanya izuiwe uwanjani. Shoka absoba za gesi nazo hukataliwa.

Kwa fundi, kubaliana bei ya kazi nzima badala ya siku, andika kinachohesabika kuwa kazi imekwisha, na lipa theluthi mwanzoni. Vipande vya zamani virudi kwako vyote.

Barabarani

Siku ya kwanza zunguka mtaani kwa kilomita tano, rudi, shika kila habu kwa kiganja: inayounguza ina breki iliyoshika au beringi iliyobana. Kaza upya nati za magurudumu na za springi. Kilomita 50 baadaye, rudia. Kilomita 500, mwaga oili ya injini, pima tapeti, na ukaze bolti za hedi tena injini ikiwa baridi, moja moja, ukilegeza kidogo kwanza.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima hata kwa gari la wikendi. Ukitaka kwenda nalo Kisumu au Bukoba, chukua Kadi ya Njano ya COMESA kutoka kwa kampuni ya bima yako kabla ya kufika mpakani. Tanzania pia huitambua. Beba logibuku ya asili, kibali cha kuingiza gari kwa muda kutoka forodha ya nchi unayoingia, na sanduku lenye feni beliti, pointi, kondensa, mpira mmoja wa breki, lita ya mafuta ya breki na lita tano za maji. Kibali hicho cha muda kina tarehe ya mwisho. Gari likiharibika upande wa pili, nenda forodha ukaombe kuongezewa siku kabla hakijaisha, na uwe na barua ya gereji mkononi.